Namba za Mama Mdogo

4 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na sikio la kushoto lisiwe limekuaga kabisa. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nimepata kazi, ukanipa pole ya msiba.

Mama mdogo alifika salama Jumatano, miguu imevimba kidogo kwa kukaa kwenye basi siku nzima. Anasema umwagilie maua yake ya kwenye makopo, ila usiyazamishe kama mwaka jana.

Hospitali tulikwenda Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi hadi saa sita. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko nilivyotegemea, ana haraka lakini si mkali. Kile kipimo cha nyama kimerudi. Ni saratani, Baba mdogo. Nimeliandika neno lenyewe kwa sababu hupendi kuzungushwa. Lakini alisema mara mbili, na mimi nikamwomba arudie mara ya tatu, kwamba bado ni mapema, uvimbe wa titi haujashika kifua, na ukitolewa sasa ana miaka mingi mbele yake. Ametupa tarehe ya upasuaji: 19 Machi.

Tulirudi chumbani kwangu. Mimi nilikuwa na zamu ya mchana, nikaona nisimwache Mama mdogo peke yake, nikaenda naye kazini, kliniki. Nilikuandikia kwamba nimepandishwa? Sipokei tena wateja mlangoni, sasa nakaa kwenye mashine yenyewe. Mtu anashika fimbo ya chuma iliyofungwa waya, mimi naandika kwenye kompyuta umri wake, urefu na uzito, na baada ya dakika moja inatoka karatasi yenye namba za mwili mzima.

Mwenye kliniki, tunayemwita Profesa, alimkuta analia kwenye kiti. Akavuta stuli, akakaa mbele yake. Akamwambia elimu ya kwantamu imegundua kwamba chembe ndogo kabisa za mwili, kama hazijatazamwa, ziko huku na kule kwa wakati mmoja. Zikitazamwa ndipo zinachagua pa kukaa. "Kwa hiyo mama, wewe sasa hivi ni mgonjwa na ni mzima, kwa pamoja. Daktari amekutazama kwa jicho la ugonjwa. Sisi tutakutazama kwa jicho la uzima." Mama mdogo akafuta machozi, akashika fimbo. Namba ya uvimbe ilitoka saba. Profesa akasema ameona tisa zikirudi sifuri.

Nakueleza lilivyokuwa. Siku hiyo alikula vizuri.

Mwanao

*

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, maua ni mazima, kopo moja tu limepatwa na ajali ambayo sitaieleza kabla mwenyewe hajarudi. Kazi ipo. Wiki hii nimetengeneza mizani mbili za muuza nyama na redio ya mwalimu mkuu, ambayo ilikuwa imejaa mende, ukoo mzima, babu mpaka vitukuu.

Neno uliloliandika nimelisoma. Nilifunga karakana nikakaa kwenye benchi la wateja mpaka kinyozi wa jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Sasa hii kwantamu. Kule chuo cha ufundi mwalimu wetu alituambia transista inafanya kazi kwa elimu hiyohiyo, mambo ya vitu vidogo visivyoonekana. Nimebadilisha transista maelfu. Sijawahi kuona iliyoungua ikapona kwa kutazamwa, hata kwa jicho zuri namna gani, na mimi nina macho mazuri, muulize Mama mdogo wako. Lakini sikatazi. Kama inamtuliza, aishike hiyo fimbo. Muhimu ni tarehe 19. Iandike ukutani.

Nimekuwa nikilala upande wake wa kitanda. Usimwambie.

Baba mdogo wako

*

7 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Utakuwa umeshampokea mwenye nyumba, na ajali ya kopo umeshaijibia. Amekaa kwangu wiki tatu na nusu na chumba kimebaki kikubwa. Alinishonea pazia, akanipangia vyombo upya, sasa sijui sufuria iko wapi.

Amekuonyesha karatasi zake? Saba, kisha sita, kisha nne. Alizikunja akaziweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti chenu cha ndoa.

Nina ombi. Mashine imezimika. Taa ya mbele haiwaki na kompyuta haiioni. Profesa alitaka kuipeleka kwa fundi wa mtaa huu, nikamwambia baba yangu mdogo ndiye fundi, hakuna anayemzidi. Nimeikabidhi kwa dereva wa basi la asubuhi, ataishusha karakana kwako mkononi. Ifungue, Baba mdogo. Itazame vizuri, kila kitu, usiharakishe. Kisha niandikie umeona nini.

Mama mdogo anaweza kurudi nayo akija kwa ajili ya hospitali.

Mwanao

*

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia haraka, Mama mdogo wako amesimama begani kwangu amevaa viatu tayari na anasoma kila neno. Anasema nikusalimu. Nimeshamsalimu, mama, rudi nyuma kidogo, unanizibia mwanga.

Mashine imepona. Ilikuwa waya wa umeme tu, umekatika pale unapoingilia kwenye sanduku. Nimeuchomea lehemu na taa inawaka kijani. Sanduku ni zuri, plastiki nene, skrubu nane. Mvua huku imekuwa kidogo. Mizani ya posta imeletwa kwangu, inapunja gramu kumi na mbili kwa kila kifurushi, na mkuu wa posta anaapa ni vifurushi vilivyo vyepesi.

Kuhusu kukatwa, mwenyewe anasema atashika fimbo kwanza, kisha ataamua. Nyinyi ni wanawake, mtaelewana. Mimi sikumbishia.

Baba mdogo wako

*

4 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilingoja barua nyingine kutoka kwako baada ya ile ya mashine. Nilidhani labda utaandika ya pili, ambayo hakuna mtu begani. Haikuja, basi naandika mimi.

Tarehe 19 imepita. Tarehe 18 alishika fimbo, namba ikatoka mbili. Alisimama akanikumbatia mbele ya wateja wote, akasema, "Kwa mbili hakatwi mtu." Nilimbembeleza. Nilimwambia namba ni namba na daktari ni daktari. Asubuhi yake aliamka, akaoga, akavaa gauni la bluu, nikajua tunakwenda. Tulipofika kituoni akapanda basi la kwenu badala ya la hospitali. Nilibaki nimeshika mfuko wenye kanga na mswaki wake wa kulazwa.

Hospitali wamesema watampa tarehe nyingine akirudi mwenyewe kuomba.

Profesa amefurahi. Ameandika habari zake kwenye ubao wa mlangoni, bila jina: mama fulani, kutoka saba hadi mbili.

Anaendeleaje? Anakula?

Mwanao

*

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nisamehe kwa ukimya. Miezi miwili si kidogo. Nilianza barua tatu nikazifanya za kuwashia jiko.

Sitakuchosha na habari za karakana. Mwezi wa nne alikuwa vizuri, anaimba, analima bustani, anawaeleza majirani habari za chembe. Mwezi wa tano mkono wa kushoto ulianza kuvimba. Akasema ni jembe. Sasa uvimbe umepasuka. Kuna kidonda. Muuguzi wa zahanati anakuja kukisafisha asubuhi na jioni, na tumeacha madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Bado anasema ni mbili. Anasema uchafu unatoka, ndiyo maana unaonekana. Jumatatu nampeleka huko kwenye hospitali kubwa, atake asitake, nimeshazungumza na mwenye gari. Hatutapita kwako. Yeye ameomba tusipite kliniki akiwa hivi, Profesa asije akamwona.

Nina swali moja na nataka unijibu kama ulivyoniandikia Februari, bila kuzunguka. Mtu anaposhika ile fimbo, namba zinatoka wapi?

Jibu lako litume kwa anwani ya kinyozi. Huku nyumbani barua bado tunasoma wawili.

Baba mdogo wako

*

30 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Sina salamu nyingine.

Namba zinatoka kwenye yale ninayoandika mimi. Umri, urefu, uzito. Niligundua mwanzoni mwa Machi, wiki moja tu baada ya Mama mdogo kuondoka. Nilikuwa nimeipangusa fimbo kwa kitambaa kibichi nikaiacha juu ya meza, kompyuta bado ina habari za mteja aliyetangulia. Nikabonyeza kwa bahati mbaya. Karatasi ikatoka. Kitambaa kilikuwa na figo mbili nzuri na moyo wa wasiwasi. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Nikaandika uzito mwingine, zikatoka namba nyingine. Nikarudia mpaka nikajua ni kiasi gani kinashusha na kiasi gani kinapandisha.

Sasa tarehe 18 Machi. Mama mdogo alishika fimbo kwa mikono miwili. Fimbo ilikuwa inagonga pete yake, nasikia mlio wake hata sasa. Niliandika uzito wake wa kweli na ikatoka sita. Kutoka nne kwenda sita. Alitazama ile karatasi kama mtu aliyepigwa kofi, akasema, "Basi nimekwisha." Akasema haendi kukatwa, kwa nini akateseke bure kama amekwisha. Nikamwambia mashine ilikuwa haijapata moto, turudie. Nikaandika kilo kumi na tano pungufu. Nilitaka apate nguvu ya kwenda hospitali kesho yake, Baba mdogo. Naapa hiyo tu ndiyo nia yangu. Nilidhani mtu mwenye mbili atakwenda bila hofu. Sikufikiri kwamba mtu mwenye mbili hana haja ya kwenda.

Na sasa mimi nina swali langu. Mafundi wapo wawili kwenye mtaa huu, mmoja anatazamana na kliniki. Kwa nini unadhani niliipakia mashine kwenye basi ije siku nzima mpaka kwako? Ule waya wa umeme niliukata mimi, kwa mkasi. Nilijua ukiifungua utaona, na ukiona utasema. Mimi nisingeaminika. Ni mtoto, tena nakula kwa Profesa. Wewe ungesema neno moja tu, Mama mdogo angelishika. Nilingoja barua yako kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Ilikuja na habari za mizani ya posta.

Uliona nini ndani ya lile sanduku?

Mwanao

*

19 Julai

Mwanangu,

Barua yako kinyozi aliniletea mwenyewe, akaniona uso, akarudi kwake bila kuuliza.

Niliona kila kitu. Ubao mmoja mdogo, wa kuwasha taa na kuiambia kompyuta kwamba mashine ipo. Waya wa fimbo unaingia kwenye sanduku, unapinda, unaishia kwenye tone la gundi. Haukuchomewa popote. Haujawahi kuchomewa. Anayeshika fimbo ile ameshika chuma tu.

Nilijua dakika ileile. Mama mdogo wako alikuwa amekaa mlangoni pa karakana anakunja nguo za safari, kwa sababu nyumbani alisema ni kimya mno. Aliniona nimeinama muda mrefu akauliza kwa sauti yake ile ya kunipigia mimi kelele, "Vipi, itapona?" Nikamtazama. Toka uvimbe ulipoonekana alikuwa halali, na baada ya zile karatasi alianza kulala. Alikuwa amenona uso. Nikasema, "Itapona." Nikaufunga waya uliokatika. Nikarudisha skrubu nane. Nilijiambia akishakatwa tarehe 19 nitamwambia, na tutacheka. Na nilijiambia wewe upo kule, utamsukuma. Wewe ulinituma mimi nikaseme, na mimi nikakuachia wewe ukasukume. Na ule mkato wako niliuona pia, waya uliokatwa kwa mkasi hauchaniki kama uliochoka. Nikaona nisiulize.

Hospitali tulikwenda. Daktari ni yuleyule. Alimfungua kidonda, akakifunga polepole sana. Alinitoa nje kwenye korido, akaandika kwenye karatasi kwa sababu aliona simsikii. Aliandika: Umeshika kifua na mapafu. Hatuwezi kukata. Halafu akaandika: Mlikuwa wapi? Ile karatasi ninayo.

Tukiwa njiani kurudi Mama mdogo wako akasema apelekwe kwenye mashine, hata mara moja. Alisema madaktari wamemtazama vibaya. Nikamwambia mwenye gari asimame. Nikamweleza habari ya waya, pale pembeni mwa barabara, na kwa kuwa mimi husema kwa sauti kubwa, mwenye gari alishuka akaenda kusimama mbali.

Aliniuliza, "Uliona lini?"

Nikasema Machi.

Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Machi, Aprili, Mei, Juni." Akaufunga mkono. "Na ulikuwa unaniona ninavyowahubiria majirani."

Habari ya uzito sikumwambia, nilikuwa sijaijua wakati ule. Sasa naijua na sitamwambia.

Toka siku hiyo hajazungumza nami. Akitaka maji anagonga kikombe kitandani, anasahau kwamba sisikii, ndipo namwona mkono.

Njoo.

Baba mdogo wako

*

6 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo. Nitafika Jumamosi, barua hii pengine itanitangulia kwa siku moja. Nataka uyajue haya kabla, maana mbele ya Mama mdogo hatutazungumza.

Nilimwambia Profesa kuhusu waya. Nilidhani atanifukuza. Hakukasirika hata kidogo. Alinisikiliza, akatoa miwani, akasema, "Binti yangu, kwantamu haihitaji waya." Nilimtazama nione kama anajua anachokisema. Sijui mpaka leo. Nadhani anaamini kuanzia saa mbili anapofungua mpaka saa kumi na moja anapofunga.

Nikatoka nje kwenye benchi la wanaosubiri. Walikuwa saba. Nikawaambia: fimbo haijaungwa popote, namba naandika mimi. Mzee mmoja alihama akakaa mbali nami. Mama mwenye mtoto mgonjwa mapajani akasema, "Wewe umenyimwa mshahara, usitumalizie hasira zako." Mmoja tu aliinuka kuondoka, kumbe alikuwa anakwenda chooni. Kwenye kiti changu ameshakaa yule wa mapokezi.

Sijui nimwambie nini Mama mdogo. Nimefanya mazoezi ya kuomba msamaha mbele ya kioo, nikaona uso wangu unafanana na ule ninaouvaa kwenye mashine.

Mwanao

*

2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua zako zote mbili toka uliporudi huko baada ya maziko. Nashukuru kwa habari za duka la vitabu, kazi ya kupanga karatasi ni kazi safi. Mimi karakana nafungua saa chache. Watu wanaleta redio kwa kunihurumia, nyingine hazina hata ubovu.

Unaniuliza tena lile uliloniuliza siku ya maziko, kama alisema neno mwishoni, maana uliondoka Jumanne, yeye akaenda Ijumaa, na uliporudi ilikuwa ni kumzika tu. Siku ile ulikuwa umenishika mkono, na nikakujibu kwamba alikutaja, na kwamba alisema hana kinyongo na mtu.

Hakusema hivyo. Nilikudanganya.

Nimekaa na uwongo huo wiki sita na nimeona unavyoujengea nyumba kwenye barua zako, unavyoandika "kwa kuwa alitusamehe". Nimeshakaa kimya mara moja kwa sababu mtu niliyempenda alikuwa amepata usingizi. Siwezi mara ya pili, hata kama utaacha kulala na wewe.

Ilikuwa hivi. Ijumaa asubuhi muuguzi alimaliza kumsafisha akaondoka. Nilikaa kwenye kiti, upande wa mkono wake mzima. Alifumbua macho, akanitazama muda mrefu, na midomo ikacheza. Nilipiga magoti nikaweka sikio, lile la kulia, karibu kabisa na mdomo wake. Nilisikia pumzi. Kama kulikuwa na maneno, sikuyapata. Nikamwambia, "Rudia, mke wangu, sijasikia." Akanitazama tena, akageuza uso ukutani. Hakurudia. Ilipofika saa nne alikuwa amekwisha kwenda.

Huenda aliomba maji. Huenda alikutaja. Sitajua, na wewe hutajua, na sitakutungia.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa. Mimi nitaendelea kukuandikia.

Baba mdogo wako